Mwalimu wa sanaa Ufipa: Kufundisha kwa udongo, mkaa na mabua

UKIINGIA katika ofisi ya walimu ya shule ya msingi mjini Sumbawanga ukauliza mwalimu wa sanaa ni yupi, yaelekea nawe utaulizwa: sanaa ipi, na ya darasa lipi? Si kawaida kukuta meza yenye jina hilo. Yupo mwalimu wa Hisabati ambaye ndiye pia mchoraji wa ramani zote za shule. Yupo mwalimu wa Darasa la Kwanza anayejua kuimbisha. Yupo na wa tatu ambaye, kwa kuwa alikulia katika nyumba ya mfinyanzi, kila kipindi cha udongo huangukia kwake. Hao kwa pamoja ndio idara ya sanaa.

Hali hiyo haitokani na uzembe wa mtu. Mwalimu wa shule ya msingi nchini, hususan mwenye cheti cha Daraja la A, kwa muda mrefu ameandaliwa afundishe karibu masomo yote, na Chuo cha Ualimu Sumbawanga ni kimojawapo cha vyuo vya Serikali vilivyofanya kazi hiyo ya kuandaa walimu. Chuo kinachosifika kwa kufundisha walimu wa sanaa, muziki na michezo ni Butimba, jijini Mwanza, na stashahada yake kwa miaka mingi ilikuwa ngazi ya kufundishia sekondari. Aliyebaki na watoto wadogo katika uwanda wa Ufipa ni mwalimu wa yote, ambaye sanaa ni sehemu tu ya mzigo wake.

Makala haya yanaeleza namna mzigo huo unavyobebwa, kuanzia kengele ya asubuhi hadi madaftari ya jioni, na kwa nini hesabu ya vipindi katika ratiba ni jambo zito kuliko linavyoonekana.

Somo lililobadilishwa majina

Ikumbukwe kwamba nchi hii haikuanza Uhuru kwa kuidharau sanaa. Balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London baada ya Uhuru wa mwaka 1961 alikuwa mchoraji, Sam Ntiro, aliyesomea fani hiyo katika Chuo cha Makerere. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na kazi za mikono zikapewa hadhi shuleni. Lakini katika shule nyingi kujitegemea kulitafsiriwa kuwa shamba la shule, na jembe likaishinda brashi.

Kwa kizazi kilichosoma shule ya msingi katika miaka ya 1970 na 1980, sanaa, muziki, ufundi na sayansi kimu yalikuwa masomo yanayojulikana kwa majina yake. Katika miaka ya 1990 masomo yalipunguzwa idadi kwa kuunganishwa, na hayo yote yakaingizwa katika kapu moja lililoitwa Stadi za Kazi. Mwalimu aliyekuwa na kipindi cha kuchora akajikuta na somo ambalo ndani yake mlikuwa na upishi, ususi, bustani na uchoraji, vyote vikigombea kipindi kilekile.

Mtihani nao ulikuwa na neno lake. Kwa miaka mingi sanaa haikuwa na karatasi yake katika Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Stadi za Kazi iliunganishwa na Maarifa ya Jamii katika karatasi moja ya mtihani huo, ambao sehemu kubwa ya majibu yake hutolewa kwa kuchagua herufi na kuweka kivuli kwenye fomu inayosomwa na mashine. Mtoto wa Darasa la Saba aliweza kuulizwa juu ya ufinyanzi na akapata alama zote pasipo kugusa tope hata siku moja. Mwenzake aliyejua kufinyanga chungu, lakini akasoma swali vibaya, alikosa.

Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, ulizidisha shinikizo hilo kwa kuzipanga shule katika rangi ya kijani, njano na nyekundu kulingana na ufaulu. Kwa shule kadha wa kadha hizo ndizo rangi pekee zilizozungumzwa mwaka ule.

Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023. Ndani yake sanaa imepata tena jina lake. Darasa la Kwanza na la Pili wana Utamaduni, Sanaa na Michezo. Kuanzia Darasa la Tatu somo linaitwa Sanaa na Michezo. Jina limerudi, ila mwalimu ni yuleyule wa jana.

Asubuhi ya kazi

Sumbawanga ipo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai asubuhi yake humfanya mgeni kutoka Dar es Salaam atafute koti. Mwalimu anapofika shuleni kabla ya saa 1:30, wanafunzi tayari wanafagia uwanja na kumwagilia bustani, wengine wakiwa wamejikunyata kwa baridi. Kama yeye ndiye mwalimu wa zamu wiki hiyo, husimamia usafi, huhesabu mahudhurio, na huongoza paredi ya asubuhi yenye wimbo wa Taifa. Sanaa ya kwanza ya siku, ukitaka kuiita hivyo, ni kuimbisha.

Kabla ya kuingia darasani sharti awe na karatasi zake. Azimio la kazi limepangwa kwa muhula; andalio la somo ni la kipindi cha siku hiyo; shajara la somo huandikwa baada ya kufundisha. Mthibiti ubora wa shule akifika huanza na nyaraka hizo. Kwa somo la sanaa, andalio lina tatizo la peke yake: sehemu ya zana. Kwa Hisabati unaweza kuandika vijiti na vizibo vya soda ukamaliza. Kwa uchoraji ni lazima uandike penseli, karatasi na rangi, kisha ujiulize vitatoka wapi.

Kipindi kina dakika 30 kwa madarasa mawili ya chini na dakika 40 kwa madarasa ya juu. Kiwango kinachotajwa na Serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini anayezijua shule zetu anafahamu kwamba darasa la mjini huweza kukipita kiwango hicho kwa mbali. Tufanye wako 60. Dakika 40 zikigawanywa kwa watoto 60, kila mmoja anapata sekunde 40 za macho ya mwalimu, na hapo hajatolewa aliyeomba ruhusa ya kwenda nje wala aliyevunjikiwa penseli.

Kwa sababu hiyo mwalimu mzoefu hachori na watoto wote kwa wakati mmoja. Huwagawa katika makundi. Kundi moja hukaa na karatasi, la pili huchora kwa vijiti ardhini nje ya darasa, la tatu hukusanya majani na mbegu za kubandika. Baada ya robo saa hubadilishana. Kuchora ardhini kuna faida ambayo karatasi haina: kosa hufutwa kwa kiganja, na mtoto asiye na daftari haoni aibu mbele ya mwenye nalo. Hasara yake ni mvua, na Ufipa mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili.

Udongo haungojei kengele

Kazi ya sanaa inayostahili kuelezwa kwa urefu uwandani hapa ni ufinyanzi, kwa kuwa malighafi yake haina bei.

Siku moja kabla ya kipindi, watoto huambiwa waje na udongo wa mfinyanzi kutoka mabondeni, penye maji yanayotuama. Wengine huja na udongo wa kichanga usiofaa, na somo la kwanza huwa ni kuutambua: unauviringisha kama kamba, unaukunja, ukipasuka haufai, ukikunjika umeupata. Baadaye huokotwa mawe na mizizi, kisha udongo hukandwa mpaka hewa itoke. Watu waliozoea kazi hii huchanganya vigae vilivyopondwa au mchanga laini ili chombo kisipasuke motoni.

Hapo kengele imekwisha kulia.

Mwalimu makini huomba vipindi viwili viunganishwe, na mwalimu wa taaluma humjibu kulingana na jinsi mtihani ulivyo karibu. Akivipata, watoto hufinyanga vyungu vidogo, ng'ombe, watu, na magari, maana mtoto wa Sumbawanga amezaliwa karibu na barabara ya Tunduma na lori ni kitu anachokijua kwa matairi yake yote. Kisha linakuja swali la mahali pa kukaushia. Kazi za watoto 60 zinahitaji kivuli, si jua kali, kwa siku nyingi, na katika baridi ya Juni huchelewa zaidi. Shule nyingi hazina stoo ya kazi za mikono. Vyombo hupangwa nyuma ya darasa, chini ya madawati, hata ofisini kwa mwalimu mkuu, na mbuzi wa jirani akikuta mlango wazi alama za mwezi mzima hupotea.

Kuchoma ni shughuli ya siku nzima. Huchimbwa shimo la kina kifupi, hutandazwa nyasi na kinyesi kikavu cha ng'ombe, vyombo hupangwa, kisha hufunikwa kwa kuni. Chombo chenye unyevu hupasuka kwa kishindo na huvunja jirani zake. Siku ya upepo hairuhusiwi kuwasha, kwa usalama wa watoto na wa nyasi za shule. Kwa hiyo kazi hii mara nyingi huangukia Jumamosi, siku ambayo mwalimu hana andalio la somo wala posho.

Mbona mtu ajisumbue hivyo? Jibu mojawapo liko katika historia ya mahali penyewe. Wafipa walikuwa miongoni mwa wafua chuma mashuhuri wa Afrika Mashariki, na tanuri zao ndefu ziitwazo malungu, zilizojengwa kwa udongo na kufikia kimo cha takriban mita tatu, zilifanya kazi hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuri dogo lililoitwa kintengwe. Wataalamu walioandika juu ya kazi hiyo wanaeleza kuwa tanuri lilitendewa kama bibi harusi, likapambwa na kufanyiwa miiko yake. Wafipa walisifika pia kwa kufuma nguo za pamba katika karne ya 19, na wasafiri wa Kizungu waliopita huku waliziona.

Mtaalamu Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1978 kitabu kizima juu ya sanaa ya masimulizi ya Wafipa, na mwaka 1981 kingine juu ya historia yao. Vyote viwili vimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Darasa la Tatu hatavisoma, lakini bibi yake huenda anazo hadithi za namna hiyo, na mwalimu anayempa mtoto kazi ya kwenda kumuuliza bibi, kisha kuichora hadithi hiyo, amepata zana isiyogharimu shilingi. Amepata pia njia ya kumfikia mtoto anayeingia Darasa la Kwanza akiongea Kifipa zaidi ya Kiswahili: picha huonyeshwa kidole, neno likafuata.

Rangi za jikoni

Rangi za dukani zipo Sumbawanga, kama zilivyopo penseli na karatasi za manila. Tatizo ni nani alipe. Elimu ya msingi hutolewa bila ada, na shule hupokea ruzuku ya uendeshaji kwa kila mwanafunzi. Kiwango kilichozoeleka tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ni sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shuleni hugawanywa kwa chaki, mitihani, ukarabati na mengineyo. Boksi la rangi za maji husubiri mwisho wa foleni hiyo.

Walimu hutengeneza rangi. Mkaa uliosagwa hutoa nyeusi. Udongo mwekundu uliochekechwa hutoa kahawia na nyekundu ya matofali, na udongo mweupe wa kupaka kuta hutoa nyeupe. Majani mabichi yaliyopondwa hutoa kijani kinachofifia baada ya siku chache. Ili rangi ishike karatasi, huchanganywa na uji mwepesi wa unga wa mahindi. Ukizidi uzito hupasuka ukikauka, na ukiachwa usiku kucha panya huila picha. Brashi ni kijiti cha mti kilichotafunwa ncha au manyoya ya kuku yaliyofungwa kwa uzi.

Baada ya mavuno, kuanzia Mei na kuendelea, huja zamu ya mabua. Ufipa ni nchi ya mahindi, na bua kavu la mahindi ni mbao laini ya mtoto: hukatwa kwa kisu butu, huunganishwa kwa vijiti, hugeuka baiskeli, kitanda, nyumba. Katika miezi hiyo mwalimu hana la kununua, na ni miezi ambayo kazi bora kabisa za watoto huonekana.

Fagio la sokoni

Kuna desturi moja iliyojikita enzi za Stadi za Kazi ambayo mwandishi huyu haioni kuwa na faida. Ni ile ya kumwagiza mtoto alete ufagio, kikapu, mkeka au mpini wa jembe, kisha apewe alama. Kila mtu aliyepita shule ya msingi anajua kilichotokea: mtoto wa mwenye uwezo alinunuliwa sokoni, mwingine alitengenezewa na babu, na aliyejaribu mwenyewe alileta kilichopinda akapata alama za chini kuliko wote. Shule ilipata mafagio ya mwaka mzima. Somo lilipata jina baya kwa wazazi, ambao hata leo wapo wanaoona kwamba mtoto akirudi na tope mikononi amechezewa muda wake.

Mwalimu anayetaka kuliepuka hilo hana budi kazi ifanyike mbele ya macho yake, hatua kwa hatua, na alama zitolewe kwa hatua: kuchagua malighafi, kuandaa, kuunda, kumalizia. Hilo maana yake ni daftari la alama lenye safu nyingi kwa watoto 60. Jioni, baada ya kusahihisha Hisabati na Kiswahili, safu hizo hujazwa nyumbani.

Mgeni rasmi akija

Hata hivyo, ipo siku mwalimu wa sanaa hukumbukwa na kila mtu, nayo ni siku ya mgeni rasmi. Mwenge wa Uhuru ukipita, Siku ya Mtoto wa Afrika ikifika Juni 16, au Darasa la Saba likifanya mahafali, atatakiwa aandae kwaya, ngonjera, igizo na ngoma, aandike mabango kwa herufi za kunyooka, na apambe meza kuu. Ngonjera, ambayo marehemu Mathias Mnyampala aliieneza katika miaka ya 1960, imekuwa chakula cha kudumu cha sherehe hizo. Mazoezi hufanyika baada ya vipindi, kuanzia saa 8:00 mchana, watoto wakiwa na njaa. Mashindano ya UMITASHUMTA nayo yana kwaya na ngoma kando ya mpira na riadha, na msimu wake ukikaribia mwalimu huyu huazimwa kutwa nzima.

Nje ya sherehe, ndiye anayechora mwili wa binadamu kwa ajili ya Sayansi, ramani ya Afrika ukutani na herufi kubwa za Darasa la Kwanza. Ukipita shule za Nkasi, Kalambo au Bonde la Ziwa Rukwa ukaona ukuta wenye picha, uliza nani aliuchora. Mara nyingi si fundi aliyelipwa.

Somo katika ratiba

Mtaala mpya hautoi tiba ya mambo haya kwa siku moja. Kitabu cha kiada kutoka Taasisi ya Elimu Tanzania kinaeleza la kufundisha; hakimfundishi kuimba mwalimu asiyeweza kuimba. Utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaowakutanisha walimu shuleni kujadili mada ngumu, ungeweza kutumika kumfanya yule aliyekulia kwa mfinyanzi awafundishe wenzake, iwapo sanaa itahesabiwa miongoni mwa mada ngumu. Kawaida Hisabati na Kiingereza ndizo hutangulia.

Kinachoamua zaidi ni ratiba iliyobandikwa ofisini. Somo lenye jina lake lina kisanduku chake, na mwalimu mwenye kisanduku anaweza kudai dakika zake 40 pindi mwenzake wa darasa la mtihani anapokuja kuziazima. Chini ya Stadi za Kazi hakuwa na cha kudai.

Watoto walioanza Darasa la Tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 wanahesabiwa kumaliza Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao Darasa la Saba la mwisho la mfumo wa zamani nalo linamaliza. Shule zitakuwa na madarasa mawili ya kuhitimu kwa mpigo, walimu walewale, na vipindi vya ziada vya asubuhi na jioni kwa yote mawili. Muhula wa kwanza wa mwaka huo, mabua yakiwa bado mashambani na udongo umeloa, ndipo kisanduku hicho cha ratiba kitakapoombwa na wengi.